Kucheza na Kulipwa: Mwongozo Kamili kwa Wachezaji wa Michezo ya Video wa Lubumbashi

"Yaya, nimeshinda dola 50 lakini zinakataa kutoka."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, nikiitwa yaya, yaani ndugu mkubwa. Vijana wanaoingia chumba chetu cha michezo hapa Kamalondo wanajua kucheza, tena sana. Kinachowashinda ni kulipwa, na karibu wote wanakwama mahali pamoja: wanatafuta ushindi kwanza, halafu ndipo wanaanza kuuliza pesa itapitia wapi.

Mwongozo huu unageuza utaratibu huo. Tutaanza na njia ya pesa, twende kwenye mashindano ya mtaani ambako noti inaonekana kwa macho, kisha mtandaoni. Nimemwandikia mchezaji wa hapa kwetu, mwenye simu yake au PlayStation ya kukodi, umeme unaokuja na kuondoka, na mega za intaneti za kununua siku kwa siku.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Pasipoti. Kadi ya mpiga kura inakutosha hapa nchini, lakini kampuni nyingi za nje hudai pasipoti.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, yenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Laini ya shangazi haifai.
- Akaunti ya benki ya dola kwa jina lilelile.
- Barua pepe moja ya kazi, yenye nywila ambayo huitumii kwingine.
- Daftari. Kila faranga inayoingia na kutoka iandikwe humo.
- Kwa mashindano ya mtaani: PlayStation mbili, televisheni mbili, maneti (vishikio vya kuchezea) nne na ya tano ya akiba, waya wa HDMI wa akiba, invata na betri, saa ya ukutani, karatasi kubwa na kalamu nene.
- Mtu mmoja mwaminifu wa kushika pesa, ambaye hachezi siku hiyo.

Kama hujafikisha miaka 18, kaa kwanza na papa au mama uwaeleze mpango wako. Akaunti nyingi za malipo hazifunguliwi na mtoto, na mashindano mengi hudai sahihi ya mzazi. Ukificha, utashinda kisha pesa ibaki hukohuko.

## Pesa ya mchezaji inatoka wapi

Nitapita haraka, maana hapa ndipo ndoto zinapopotosha watu.

Mwaka 2019 kijana wa Marekani wa miaka 16, Kyle Giersdorf anayejulikana kama Bugha, alishinda dola milioni 3 kwenye Kombe la Dunia la Fortnite mjini New York. Mwaka 2021 timu ya Team Spirit ilichukua zaidi ya dola milioni 18 kwenye The International, mashindano ya Dota 2 yaliyokuwa na zawadi ya jumla ya dola milioni 40. Habari hizi ni za kweli, na kila kijana anazijua.

Asichokijua ni kwamba zawadi ile ilitoka kwa mashabiki: robo ya mauzo ya pasi maalumu ya mchezo iliingizwa kwenye mfuko wa zawadi. Mwaka 2023 wenye mchezo walibadilisha utaratibu huo, na mfuko ukashuka hadi dola milioni 3 na kidogo. Wachezaji walikuwa hodari vilevile. Ni mfereji wa pesa uliobanwa.

Kwa hiyo mchezaji wa kulipwa hategemei zawadi peke yake. Ana mshahara wa klabu, wadhamini, matangazo kwenye video zake, zawadi za watazamaji, na ada za kufundisha wengine. Zawadi inakuja juu ya hayo. Hapa Lubumbashi klabu ya kukupa mshahara mwezi kwa mwezi hutaikuta mlangoni, hivyo tunaanza na mifereji tunayoweza kuichimba wenyewe.

## Hatua ya 1: Nyoosha jina lako na njia ya pesa

Hatua hii haina raha, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote.

Karatasi zetu zina majina matatu: nom (jina la ukoo), post-nom (jina linalofuata la ukoo) na prénom (jina la kwanza). Fomu za nje zina visanduku viwili tu. Kijana anaandika prénom na nom kwenye akaunti ya mchezo, benki inaandika yote matatu, na laini ya simu ina jina la nyumbani. Siku ya malipo mashine inalinganisha, inaona watu watatu, na malipo yanazuiwa.

Fanya hivi. Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi kubwa yenye alama za <<<. Mashine husoma hapo. Kinachotangulia alama mbili za kwanza baada ya jina la nchi ni jina la ukoo, kinachofuata ni prénom. Nakili mpangilio huohuo, herufi kwa herufi, kwenye benki, kwenye akaunti ya mchezo na kwenye kila fomu. Kama jina lako lina "Mw" mahali pamoja na "Mu" mahali pengine, nenda karekebishe sasa, si siku ya ushindi.

Kisha jaribu njia yenyewe. Mwombe ndugu aliye nje akutumie dola chache kwa njia unayotaka kuitumia. Andika zilikuchukua siku ngapi kufika na zilikatwa kiasi gani. Kama dola 10 zinafika 7, umejifunza kwamba zawadi ndogondogo hazifai kupitia njia hiyo.

Onyo: usidanganye nchi. Wapo wanaojisajili kama wakazi wa Ubelgiji au Afrika Kusini ili waingie mashindano yasiyopokea Wakongo. Kucheza utacheza. Siku ya kulipwa utadaiwa kitambulisho na hati ya makazi, na akaunti itafungwa pamoja na pesa zake. Kijana mmoja wa Katuba nilimwona akilia kwa hilo, na sikuwa na la kumsaidia.

Umefaulu hatua hii ukiwa umepokea pesa ndogo kutoka nje, umeitoa, na umeishika mkononi.

## Hatua ya 2: Chagua mchezo mmoja

Mmoja tu. Anayecheza mitano hujulikana na nani?

Tazama kwanza majirani wanacheza nini, maana huko ndiko wapinzani na watazamaji wako waliko. Kwenye televisheni mpira ndio unaotawala: EA Sports FC, ambao hadi 2023 uliitwa FIFA, na eFootball ya Konami. Kwenye simu kuna eFootball hiyohiyo, Free Fire na PUBG Mobile. eFootball haina bei ya kuingilia na simu ya kawaida huibeba, ndiyo maana napenda kuwaanzishia nayo wasio na mashine.

Halafu pima mtandao. Kwa siku saba, asubuhi na usiku, cheza ukiandika namba ya pingi inayoonekana kwenye skrini, yaani muda ambao mtandao unachukua kujibu, kwa laini mbili tofauti. Pingi iliyo chini ya 100 inachezeka vizuri. Ikiruka 90, 300, 120, 400, tatizo lako si vidole. Mchezo wa risasi utakuumiza. Baki kwenye mpira, tena wa ana kwa ana.

## Hatua ya 3: Andaa mashindano madogo ya mtaani

Hapa ndipo pesa ya kwanza ilipo. Pia ndipo watu wengi wanapoharibu jina lao, kwa hiyo nitakaa.

Chagua siku. Usiweke Jumapili ambayo timu zetu za mpira, Mazembe na Lupopo, zinacheza. Hata wachezaji wako mwenyewe hawatakuja. Kipindi cha mtihani wa taifa wazazi watakufukuza, na wana haki. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ni salama zaidi: radi za masika zimeshatuunguzia televisheni mbili.

Hesabu muda. Watu 16, kila anayefungwa mechi moja akitoka, wanahitaji mechi 15. Ukiweka dakika 6 kila kipindi, mechi moja inakula kama dakika 20 ukijumlisha kuchagua timu, kusimamisha mchezo na kubishana. Kwa mashine mbili unamaliza kwa saa 2 na dakika 40.

Lakini mimi sipendi utaratibu huo. Mtu aliyelipa, akapanda taksi kutoka Ruashi, akacheza dakika 12 na kurudi nyumbani, hatarudi tena. Tumia makundi manne ya watu wanne. Kila mtu anapata mechi 3 hakika. Mechi za makundi ni 24, robo fainali 4, nusu fainali 2 na fainali 1, jumla 31. Kwa mashine mbili ni kama saa 5 na dakika 20. Anza saa nne asubuhi, saa kumi na nusu mtoto wa watu yuko njiani kwenda nyumbani.

Hesabu umeme. PS4 inakula takriban wati 100 hadi 150 ikiwa kwenye mchezo, televisheni ya inchi 32 kama 50. Seti mbili ni wati 400 hivi. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 200 ina wati-saa 2,400, lakini betri ya madini ya risasi, kama ya gari, ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua. Basi una wati-saa 1,200, yaani saa 3. Haitoshi siku nzima. Inatosha kuvuka umeme ukikatika na kurudi. Kama mtaa wenu unakaa gizani mchana kutwa, kodi jenereta au hamia kwenye simu.

Andika sheria ukutani. Ziwe chache, zikiwa na majibu ya ugomvi mnaoujua:

1. Umeme ukikatika katikati ya mechi, mabao yanabaki na dakika zilizobaki zinachezwa upya. Mtu wa meza anaandika mabao na dakika kila bao linapoingia. Bila hivyo mtagombana.
2. Anayechelewa dakika 10 amepoteza mechi.
3. Kila mtu anaweza kuja na maneti yake, lakini inajaribiwa na mpinzani kabla ya mechi.
4. Timu zenye nguvu kupita kiasi zimezuiwa, na majina yake yaandikwe hapohapo ukutani.
5. Hakuna dau kati ya watazamaji.

Sheria ya tano ni ngumu na usiilegeze. Watu wakianza kuweka pesa juu ya mechi, chumba chako kinageuka cha kamari, mchezaji anashawishika kujifungisha, na polisi wakija watamtafuta mwenye chumba.

Jambo jingine: mchezo una mwenyewe. Kampuni zinazotengeneza michezo hii zina sheria zao za mashindano madogo, kuhusu ada, thamani ya zawadi na matumizi ya nembo. Zisome kwenye tovuti ya mchezo wako. Usichapishe tangazo linaloonyesha kana kwamba wao ndio wadhamini.

Pesa yenyewe. Tuseme ada ni faranga 5,000. Watu 16 wanaleta 80,000. Mshindi wa kwanza 35,000, wa pili 15,000. Chumba na mashine 15,000, mafuta ya jenereta 8,000, mtu wa meza 4,000. Imebaki 3,000. Kwa kazi ya siku nzima!

Nimeiweka hesabu hiyo makusudi, kwa sababu wengi hufika hapa wakakata tamaa, au vibaya zaidi, wakapunguza zawadi iliyotangazwa. Usiguse zawadi kamwe. Tangaza kiasi, kiweke kwenye bahasha mbele ya watu kabla ya mechi ya kwanza, bahasha ikae kwa yule mtu wako mwaminifu. Ukilipa kwa dola, kagua noti moja moja: yenye mpasuko mdogo tu mshindi ataikataa, maana sokoni nayo itakataliwa.

Faida yako ya kweli kwenye shindano la kwanza ni majina 16 yenye namba za simu, na sifa kwamba kwako watu wanalipwa.

Umefaulu ukiwa umemaliza kabla ya giza, mshindi amehesabu pesa yake mbele ya wote, na watu wanauliza lingine ni lini.

## Hatua ya 4: Uza nafasi kwa mdhamini wa mtaa

Sasa zile 3,000 zinaongezeka.

Usiende kwenye makampuni ya migodi wala benki kubwa. Nenda kwa mwenye duka la simu pale kona, kwa mama wa mgahawa, kwa kinyozi, kwa anayeuza mega. Hao wateja wao ni hawa vijana wako.

Usimwendee mtu kuomba msaada. Mwendee kumuuzia kitu. Tofauti inasikika tangu salamu. Nilivyofundishwa na yaya mmoja muuza viatu ni hivi: "Papa, shikamoo. Jumamosi nitakuwa na vijana 16 wanaocheza na kama 40 wanaotazama, kwa saa tano, mita 30 kutoka duka lako. Nataka jina la duka lako litajwe kabla ya kila mechi na bango lako likae kati ya televisheni mbili. Naomba ugharamie zawadi ya mshindi wa pili." Umesema idadi, muda, mahali na bei. Yeye anahesabu mwenyewe.

Usitie chumvi kwenye idadi. Atatuma mtoto kuhesabu, ninakuhakikishia.

Ndani ya siku mbili baada ya shindano, mpelekee picha tatu na karatasi yenye idadi halisi. Karibu hakuna anayefanya hivi, na ndicho kinachomfanya mdhamini arudi. Mdhamini mmoja anayerudi kila mwezi ana thamani kuliko watano wa mara moja.

Kutoka hapo ongeza kufundisha. Mshindi wa mashindano matatu anaweza kuwatoza wanaojifunza kwa saa. Mfundishe mtu kitu kimoja kwa kipindi kimoja: kona, au kukaba bila kumkimbilia mwenye mpira. Anayefundishwa yote kwa siku moja haoni alichonunua.

## Hatua ya 5: Ingia mashindano ya mtandaoni

Sasa una jina, akaunti na mazoezi ya kucheza macho ya watu yakiwa juu yako.

Kabla ya kujisajili, mwandikie mwandaaji maswali manne: mnalipa nchi yangu? Kwa njia gani? Baada ya siku ngapi? Makato ni ya nani? Hifadhi majibu. Asiyejibu kabla hatajibu baada.

Saa zimewapotezea wengi mechi. Lubumbashi iko saa 2 mbele ya saa ya dunia (inayoandikwa UTC au GMT), na saa 1 mbele ya Kinshasa. Tangazo la Kinshasa linalosema 18:00 kwako ni 19:00. Tangazo la Paris ni saa zetu zilezile majira yao ya joto, lakini majira ya baridi wewe uko mbele kwa saa moja. Andika saa ya hapa kwenye daftari, na uwe tayari nusu saa kabla, na laini ya pili yenye mega ndani ya simu.

Piga picha ya skrini kila mechi inapoisha, kabla ya kubonyeza chochote.

Onyo kubwa: usilipe "ada ya kufungua zawadi". Aliyeshinda halipi ili apewe. Na usiuze akaunti yako wala kumpandishia mtu mwingine daraja kwa pesa. Michezo mingi inakataza, na akaunti ikifungwa miaka yako ya kucheza inakwenda nayo.

## Hatua ya 6: Video, lakini kwa hesabu

Kila mtu anataka kurusha mechi moja kwa moja. Hesabu kwanza. Picha ya kiwango cha 720 inataka takriban megabiti 3 kwa sekunde, ambazo ni gigabaiti 1.35 kila saa. Video ya dakika 10 uliyoirekodi, ukaikata na kuipandisha usiku, ni megabaiti 225 tu. Rekodi. Kurusha moja kwa moja kungoje mdhamini wa mega.

Ongea Kiswahili chetu. Kuna watu Likasi, Kolwezi, Bukavu na hata ng'ambo ya ziwa kule Kigoma wanaokuelewa, na wachezaji wa kuwaelezea mbinu kwa lugha yao ni wachache. Video inayofundisha jambo moja inatazamwa mwaka mzima; video ya mabao yako matamu inatazamwa na rafiki zako.

Kabla ya kuweka tumaini kwenye matangazo ya YouTube, fungua ukurasa wao wa nchi zinazokubaliwa uone kama yako imo. Kisha ujue masharti: wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa kwa miezi 12 au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Mtengenezaji hupata asilimia 55 ya matangazo kwenye video ndefu. Malipo hutoka ukifikisha dola 100. Ukifika dola 10 wanatuma namba ya siri kwa barua ya posta, kwa hiyo tafuta sanduku la posta linalofanya kazi mapema.

Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani. Ukijaza kama Mkongo, wanakata asilimia 30 ya kile tu kilichotokana na watazamaji wa Marekani, ambao kwako ni wachache. Usipojaza, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, pamoja na ya mtazamaji wa Kenya na wa Katuba.

## Hatua ya 7: Ukiletewa mkataba

Ukifanya vizuri, siku moja atakuja mtu mwenye fulana nzuri akitaka uwe "mchezaji wake". Inaweza kuwa baraka. Dai haya yaandikwe: mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe gani, zawadi inagawanywa vipi, na asilimia inahesabiwa kabla au baada ya makato, nani analipia pasipoti, viza na tiketi, akaunti na video zako ni za nani mkiachana, na mkataba unavunjwaje.

Swali la akaunti ndilo linalosahaulika. Nimemjua mchezaji aliyeondoka kwenye timu akiwa na maneti yake tu, kwa sababu barua pepe ya akaunti ilikuwa ya meneja. Sajili kila kitu kwa barua pepe yako ya kazi, ile ya kwenye orodha ya mwanzo.

Mkataba ukiwa kwa Kifaransa kizito, usitie sahihi hapohapo. Chukua nakala, lala nayo, mtafute mtu aliyesoma sheria akusomee neno kwa neno mbele ya mzazi wako. Anayekataa kukupa siku tatu za kusoma, mrudishie kalamu yake.